Ukipata Kazi, Malipo ya Ulemavu Yanakwenda Wapi?

Tarehe 18 Oktoba 1988, mbele ya jengo la serikali kuu mjini Los Angeles, mwanahistoria Paul Longmore alikitia moto kitabu chake mwenyewe. Kilikuwa kitabu kipya, kimechapishwa mwaka huohuo na Chuo Kikuu cha California, kikieleza jinsi George Washington alivyojijengea sura ya baba wa taifa. Kukiandika kulimchukua miaka takriban 10. Longmore aliugua polio akiwa na umri wa miaka 7, ikamwacha na mikono iliyopooza, hivyo alishika kalamu mdomoni na kubonyeza nayo vibonye, herufi moja baada ya nyingine. Kwa saa nyingi za siku alitegemea mashine ya kupumulia.

Mashine hiyo, pamoja na wasaidizi waliomhudumia nyumbani, vililipiwa na serikali. Hapo ndipo penye mkasa. Kanuni za wakati huo hazikuuona mrabaha wa mwandishi kuwa ni jasho lake. Ziliuweka kundi moja na fedha zinazomjia mtu amekaa. Kwa hiyo kila dola ya kitabu ingepunguza msaada wake mpaka uishe, na mrabaha wa kitabu cha historia hauwezi kumlipia mtu mashine na wasaidizi. Longmore aliona ni heri kitabu kiungue hadharani, mbele ya waandishi wa habari.

Moto ule ulisikika mpaka Washington. Mwaka 1990 sheria ilirekebishwa, mrabaha ukaanza kuhesabiwa kama kipato cha kazi, na wanaharakati wakayapa marekebisho hayo jina la Longmore. Yeye mwenyewe aliendelea kufundisha, akawa profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Francisco hadi alipofariki mwaka 2010.

Swali alilolipeleka barabarani bado linaulizwa leo, tena kwa Kiswahili, katika nyumba za Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania walioko Louisville, Houston au Columbus: mtu anayepokea fedha za ulemavu kutoka serikali ya Marekani akipata kazi, fedha hizo zinakatwa? Jibu fupi ni kwamba anaruhusiwa kufanya kazi, na mara nyingi atabaki na fedha nyingi kuliko alizokuwa nazo bila kazi. Jibu refu linategemea anapokea malipo ya aina gani, amefanya kazi miezi mingapi, na kama ametoa taarifa.

Sheria iliyoanza kwa kusema huwezi

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani ilitiwa saini na Rais Franklin D. Roosevelt mwaka 1935, lakini haikuwa na fungu la watu waliolemaa wakiwa bado na umri wa kufanya kazi. Fungu hilo lilikuja mwaka 1956 chini ya Rais Dwight Eisenhower, na mwanzoni lilikuwa la wenye umri wa miaka 50 na kuendelea tu. Sharti hilo la umri liliondolewa mwaka 1960.

Ili lipite, watunga sheria walilifunga kwa maneno makali. Mwenye ulemavu, kwa macho ya sheria hiyo, ni mtu ambaye maradhi au jeraha lake limemfanya ashindwe kazi yoyote ya kumpatia kipato cha maana, na hali hiyo inatarajiwa kudumu muda mrefu, ambao kwa sasa ni angalau miezi 12, au kuishia kwenye kifo. Kiini cha maneno hayo kinatumika mpaka sasa. Kwa hiyo mwombaji hutumia miezi, wakati mwingine miaka, akikusanya vyeti vya daktari kuthibitisha kwamba kazi haiwezekani. Akishakubaliwa, serikali ileile inamwandikia barua ya kumtia moyo atafute kazi.

Udhaifu wa mpaka huo kati ya anayeweza na asiyeweza kufanya kazi ulionekana mapema. Ed Roberts, kijana wa California aliyepooza kwa polio akiwa na miaka 14 na aliyelala ndani ya mashine kubwa ya kupumulia, aliomba msaada wa masomo kutoka idara ya jimbo ya kuwaandaa watu wenye ulemavu kwa kazi. Ilimkatalia kwa hoja kwamba ulemavu wake ulikuwa mkubwa mno, hangeweza kuajiriwa kamwe. Mwaka 1962 aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1975 Gavana Jerry Brown alimteua kuwa mkurugenzi wa idara hiyohiyo iliyomkatalia.

Tangu wakati huo, karibu kila kanuni inayohusu kazi na malipo ya ulemavu imekuwa kiraka juu ya maneno ya 1956. Viraka ni vingi, na havikushonwa na fundi mmoja.

Njia mbili zisizofanana

Jambo linalowachanganya watu kuliko yote ni kwamba malipo ya ulemavu ni mifuko miwili yenye majina yanayokaribiana, SSDI na SSI, na yote inasimamiwa na ofisi moja, Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii. Ushauri ulio sahihi kwa mfuko mmoja unaweza kumtia mtu hasarani kwenye mwingine. Jirani anaposema yeye alifanya kazi na hakukatwa, la kwanza la kumwuliza ni kama yuko SSDI au SSI.

SSDI ni bima. Mfanyakazi huichangia kupitia kodi inayokatwa kwenye mshahara wake, naye hukusanya alama, zisizozidi 4 kwa mwaka. Mtu mzima mwenye miaka 31 au zaidi kwa kawaida huhitaji alama 20 ndani ya miaka 10 iliyotangulia ulemavu. Kijana huhitaji chache. Kiasi anacholipwa hutokana na mishahara aliyowahi kupata. Haijalishi ana nyumba mbili au ana akiba benki.

SSI ni msaada kwa wenye kipato kidogo. Ilipitishwa mwaka 1972 wakati wa Rais Richard Nixon, na malipo yakaanza Januari 1974. Haihitaji historia ya kazi, lakini inahesabu kila kitu: mshahara, zawadi ya fedha, chumba cha bure, salio la benki. Kiwango chake cha juu cha serikali kuu mwaka 2025 kilikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja na dola 1,450 kwa mume na mke wanaoipokea wote wawili. Baadhi ya majimbo, kama California, huongeza chochote juu yake.

Mkimbizi aliyefika kutoka kambi ya Nyarugusu akiwa tayari na ulemavu, ambaye hajawahi kupata mshahara Marekani, njia yake ni SSI. Mwenzake aliyefanya kazi miaka 8 kwenye bohari au kuhudumia wazee kabla ya mgongo kumshinda, njia yake ni SSDI. Wapo wanaopokea zote mbili, kwa sababu SSDI yao ni ndogo na SSI hujazia. Hao kanuni zote mbili zinawahusu kwa pamoja.

SSI: mteremko

Kwenye SSI mshahara haukati malipo kwa mkupuo. Unayapunguza taratibu, kama mteremko. Ofisi inaanza kwa kuondoa dola 20 za kwanza za kipato chochote, kisha dola 65 za kwanza za mshahara. Kinachobaki kinagawanywa mara mbili, na nusu moja tu ndiyo inayopunguzwa kwenye malipo.

Tuseme mtu asiye na kipato kingine amepata kazi ya kupanga bidhaa dukani kwa dola 1,085 kwa mwezi kabla ya makato. Ukitoa 20 na 65 inabaki 1,000. Nusu yake ni 500. Kwa kiwango cha 2025, SSI yake inashuka kutoka 967 hadi 467. Alipokuwa hana kazi aliishi kwa dola 967. Sasa anapata mshahara wa 1,085 pamoja na 467, jumla 1,552. Kwa hesabu hiyo SSI inafika sifuri pale mshahara unapokaribia dola 2,019.

Zile dola 20 na 65 zimekaa vilevile tangu malipo yalipoanza mwaka 1974. Kodi ya nyumba, mkate na nauli vimepanda mara nyingi tangu hapo. Namba hizo mbili hazijaguswa.

Mwanafunzi aliye chini ya miaka 22 anapata nafuu ya pekee. Mwaka 2025 hakuhesabiwa mshahara wake mpaka ulipovuka dola 2,350 kwa mwezi, na jumla isiyozidi dola 9,460 kwa mwaka. Kijana wa sekondari mwenye usonji au asiyesikia, anayefanya kazi ya kiangazi kwenye duka la vyakula, anaweza kuchukua mshahara wote na SSI isitikisike. Wazazi wengi hawalijui hili, na humzuia mtoto asiguse kazi mpaka amalize shule.

SSDI: miezi 9, kisha poromoko

SSDI haina mteremko. Inampa mpokeaji miezi 9 ya kujaribu kazi, na katika miezi hiyo anaweza kulipwa mshahara wowote, hata dola 5,000, na bado SSDI ikaingia nzima, mradi ulemavu upo na ametoa taarifa. Mwezi huhesabiwa kuwa umetumika pale mshahara kabla ya makato unapozidi kiwango cha mwaka huo. Mwaka 2025 kilikuwa dola 1,160. Anayejiajiri, kama msusi wa nywele, dereva wa teksi za mtandaoni au mama anayepika sambusa na pilau za harusi, hutumia mwezi pia akifanya kazi zaidi ya saa 80 hata kama faida ni ndogo. Miezi hiyo si lazima ifuatane. Inaweza kutawanyika ndani ya kipindi cha miezi 60, na hivyo mtu akaimaliza bila kutambua.

Miezi hiyo 9 ikiisha, unaanza muda wa miezi 36 wenye kanuni nyingine. Hapo kuna mstari mmoja, ambao mwaka 2025 ulikuwa dola 1,620 kwa mwezi, na dola 2,700 kwa wasioona. Mshahara ukibaki chini ya mstari, SSDI inalipwa yote. Ukiupita, inalipwa mwezi huo wa kwanza na 2 inayofuata, halafu hailipwi kitu mpaka mshahara ushuke tena.

Mfano wa kufikirika unaonyesha ukali wake. Mtu mwenye SSDI ya dola 1,500 anafanya kazi ya dola 1,600 kwa mwezi, kwa hiyo anaishi kwa dola 3,100. Msimamizi anampenda, anamwongeza dola 100. Mshahara sasa ni 1,700, umepita mstari. Miezi 3 ya nafuu ikiisha, anabaki na hizo 1,700 peke yake. Nyongeza ya dola 100 imemwondolea dola 1,400, na kama watoto wake nao walikuwa wakilipwa kupitia bima yake, malipo yao yanasimama pamoja na yake. Si ajabu kumwona mtu akikataa zamu za ziada wiki ya mwisho ya mwezi huku wenzake wakizigombania.

Mstari huo hausomwi kwa mshahara mtupu. Gharama ambazo mtu analazimika kulipa mfukoni ili aweze kufanya kazi na ulemavu wake hutolewa kwanza: teksi yenye nafasi ya kiti cha magurudumu pale basi lisipowezekana, dawa, matengenezo ya kifaa cha kusikia, msaidizi wa kumwandaa asubuhi. Hata upole wa mwajiri huhesabiwa. Ikiwa mfanyakazi analipwa sawa na wenzake lakini anafanya nusu ya kazi yao, au mtu mwingine humsaidia kuimaliza, ofisi inaweza kuhesabu thamani ya kazi halisi badala ya mshahara mzima. Lakini haya hayajitokezi yenyewe kwenye kompyuta ya ofisi. Risiti zitunzwe, na barua ya mwajiri iombwe.

Miezi 36 ikiisha na mshahara uko juu ya mstari, SSDI inafungwa. Inaweza kufunguliwa tena. Kwa miaka 5 baada ya kufungwa, mtu aliyeshindwa kuendelea na kazi kwa ulemavu uleule au unaohusiana nao anaweza kuomba arudishwe bila kuanza maombi upya, na wakati ofisi inamchunguza analipwa kwa muda, hadi miezi 6.

Bima inayozidi fedha

Kwa wengi hofu kubwa si kupoteza dola 967 au 1,500. Ni kupoteza bima ya afya. Aliyepata ulemavu wa uti wa mgongo anahitaji vifaa na msaidizi kila siku. Mwenye ugonjwa wa selimundu hajui atalazwa lini. Bima za waajiri mara nyingi hazimlipii mtu msaidizi wa nyumbani wa muda mrefu. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, humlipia.

Bunge lilianza kulishughulikia hili kwa majaribio mwaka 1980, likalifanya la kudumu mwaka 1986. Aliyekuwa akipokea SSI, mshahara wake ukiongezeka mpaka SSI ikafika sifuri, anaweza kubaki na Medicaid ikiwa bado ana ulemavu, anaihitaji ili afanye kazi, akiba yake haijavuka kikomo, na mshahara wake hauzidi kiwango cha jimbo lake. Viwango hivyo vinatofautiana kati ya jimbo na jimbo, lakini ni makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka, mbali kabisa na kikomo cha SSI yenyewe.

Upande wa SSDI bima ni Medicare, ambayo kwa kawaida huanza baada ya miezi 24 ya kustahili malipo. Fedha zikisimama kwa sababu ya kazi, Medicare haisimami nazo. Inaendelea kwa angalau miezi 93 baada ya miezi ya majaribio, yaani miaka 7 na miezi 9, ikiwa ulemavu bado upo. Mtu anayekataa kazi leo kwa kuogopa kupoteza Medicare kesho ameogopa kitu ambacho sheria imekwisha kukizuia.

Barua ya deni

Pale hesabu zinapokuwa nzuri, makaratasi huweza kuziharibu. Anayepokea SSI anatakiwa kueleza mshahara wa mwezi uliopita kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata, kwa simu, kwa programu ya simu, mtandaoni au ofisini. Wa SSDI anatakiwa kueleza mara anapoanza kazi, anapoacha, na mshahara au saa zinapobadilika. Sheria ya mwaka 2004 inaitaka ofisi impe stakabadhi kila anayetoa taarifa ya kazi. Stakabadhi hiyo ina thamani kuliko ahadi ya karani kwenye simu.

Tatizo ni kwamba taarifa inaweza kufika ofisini na isishughulikiwe kwa miezi mingi, huku malipo yakiendelea kuingia kama zamani. Siku faili likifunguliwa, kompyuta inahesabu nyuma na barua inatoka: umelipwa zaidi, rudisha. Deni la maelfu ya dola humfikia mtu aliyezitumia fedha hizo kwa kodi ya nyumba zamani, akiamini ni halali yake.

Kelele za wananchi na za vyombo vya habari ziliifikia mamlaka. Machi 2024 kamishna wa wakati huo, Martin O'Malley, alitangaza kwamba deni la kulipwa zaidi halitakatwa tena kwa kuzuia malipo yote ya mwezi. Kiwango cha kawaida kingekuwa asilimia 10. Mwaka mmoja baadaye, chini ya serikali mpya, mamlaka ilitangaza kurudi kwenye asilimia 100 kwa upande wa SSDI na pensheni, na Aprili 2025 ikashusha hadi asilimia 50. Kwa SSI kiwango kilibaki asilimia 10.

Anayepata barua hiyo ana haki mbili tofauti, na mara nyingi watu huzichanganya. Kama haamini kwamba anadaiwa, au anaona kiasi si sahihi, anakata rufaa ndani ya siku 60. Kama deni ni la kweli lakini kosa si lake na hana uwezo wa kulipa, anaomba asamehewe, na ombi hilo halina tarehe ya mwisho. Akijibu ndani ya siku 30 za kwanza, kwa kawaida makato hayaanzi mpaka ombi lake liamuliwe. Barua nyingi huja kwa Kiingereza, ila mamlaka hutoa mkalimani bure, wa Kiswahili pia. Hakuna sababu ya kumkalisha mtoto wa darasa la tano atafsiri barua ya deni la baba yake.

Dola 2,000

Aliyeko SSI ana ukuta mwingine. Hatakiwi kuwa na mali inayohesabika yenye thamani ya zaidi ya dola 2,000, au 3,000 kwa mume na mke. Nyumba anayoishi na gari moja havihesabiwi. Fedha za benki zinahesabiwa. Kikomo hicho kimekaa palepale tangu 1989. Wabunge wa vyama vyote viwili wamewahi kupendekeza kipandishwe hadi dola 10,000, lakini pendekezo halijawa sheria.

Kwa familia zinazoishi kwa kuchangiana, ukuta huu una mitego yake. Mpokeaji SSI akikubali michango ya msiba ipitie kwenye akaunti yake, au ndugu akimwekea humo nauli ya mtu wa Uvira, fedha hizo huhesabiwa kuwa zake mpaka athibitishe vinginevyo. Salio la siku ya kwanza ya mwezi likivuka kikomo, malipo ya mwezi huo yanaweza kudaiwa. Naye anayefanya kazi na kufanikiwa kuweka akiba kidogo kidogo, kama mila inavyomtaka, anajikuta ameadhibiwa kwa uangalifu wake.

Njia halali ya kutokea ni akaunti ya ABLE, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014. Fedha zilizomo, hadi dola 100,000, hazihesabiwi kwenye kikomo cha SSI, na zinaweza kulipia usafiri, masomo, nyumba au vifaa. Mwanzoni ilikuwa kwa waliopata ulemavu kabla ya kufikisha miaka 26. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 umri huo umepanda hadi 46, na hivyo mlango umefunguka kwa wengi waliojeruhiwa kazini au vitani wakiwa watu wazima. Aliye na lengo maalumu, mathalani kusomea ufundi au kufungua duka la ushonaji, anaweza pia kuandika mpango, na ukikubaliwa, fedha anazotenga kwa ajili yake haziguswi na hesabu za SSI.

Mkimbizi asiye raia ana saa nyingine inayomwendea mbio. SSI yake kwa kawaida hudumu miaka 7 tu, isipokuwa akipata uraia. Yule ambaye ulemavu wake unamzuia kujifunza Kiingereza au historia kwa ajili ya mtihani wa uraia anaweza kuombewa msamaha wa mtihani kwa fomu inayojazwa na daktari. Safari nayo ina gharama: akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, SSI inasimama, na hairudi mpaka amalize siku 30 mfululizo akiwa ndani ya nchi. Arobaini ya mzazi Bujumbura inahitaji kalenda kabla ya tiketi ya ndege.

Kwa nini wanaoondoka ni wachache

Wafanyakazi zaidi ya milioni 7 hupokea SSDI, na kila mwaka wanaotoka kwa sababu ya kazi hawafiki 1 kati ya 100. Sehemu ya sababu ni ya wazi: wengi wao ni wagonjwa hasa, na wengi wamevuka miaka 50. Lakini wengine wangeweza kufanya kazi kidogo, na wangependa.

Serikali iliwahi kudhani tiba ni kuligeuza poromoko kuwa mteremko. Kati ya 2011 na 2017 iliendesha jaribio la kitaifa ambapo waliokuwa SSDI walipunguziwa dola 1 kwa kila dola 2 walizopata juu ya mstari, badala ya kunyang'anywa zote. Matokeo yaliwashangaza waliotarajia mengi: kwa wastani mapato ya watu hayakuongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Kanuni mpya nazo zilihitaji kueleweka, taarifa ziliendelea kuchelewa, madeni yaliendelea kutokea, na maumivu ya mgongo hayakupungua kwa sababu hesabu imebadilika.

Kilichobaki mikononi mwa mtu mmoja mmoja ni kujua hesabu yake kabla ya siku ya kwanza kazini. Sheria iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton Desemba 1999 ilianzisha Tiketi ya Kazi, mpango wa hiari na wa bure kwa wenye miaka 18 hadi 64. Mwenye tiketi hupewa msaada wa kutafuta kazi, mafunzo na ushauri, na akiwa anapiga hatua zilizokubaliwa, uchunguzi wa kawaida wa kitabibu wa kuangalia kama amepona unasimamishwa. Sheria hiyo pia iligharimia washauri wa malipo katika kila jimbo, ambao kazi yao ni kukaa na mtu, kalamu mkononi, na kumwonyesha mshahara fulani utamwacha na kiasi gani.

Mshauri mzuri huanza kwa karatasi moja. Ni ripoti inayotolewa na mamlaka yenyewe, ijulikanayo kwa herufi BPQY, na mpokeaji yeyote anaweza kuiomba. Inaonyesha yuko SSDI au SSI, analipwa kiasi gani, ana Medicare au Medicaid, mishahara iliyoandikwa kwa jina lake, na miezi mingapi ya majaribio amekwisha kuitumia. Watu wawili wanaweza kuitwa kwenye kazi ileile, siku ileile, kwa mshahara uleule wa dola 1,700, mmoja akiwa na miezi 9 mbele yake na mwingine amebakiza mwezi 1. Wa kwanza anaweza kukubali papo hapo. Wa pili anahitaji kujua mapema kama zile teksi na dawa anazolipia zinatosha kuushusha mshahara wake chini ya mstari.